Kona Yetu Ilipungukiwa na Mtu Mmoja

Usiku wa jana niliota nimechelewa kokasi, na hata ndotoni miguu ilikuwa inaniuma.

Niseme kwanza kokasi ni nini, maana mama yangu kule Wundanyi nimemweleza kwa simu mpaka salio likaisha na bado anadhani ni ugonjwa. Huku Marekani, kabla ya uchaguzi wa rais, kila chama hutafuta mtu mmoja wa kupeperusha bendera yake. Majimbo mengi hupiga kura ya mchujo: unaingia, unaweka alama yako, unatoka, na hakuna aliyekuona. Jimbo letu hili la mahindi na theluji lina desturi yake. Watu wa kituo kimoja hukusanyika jioni kwenye ukumbi wa shule, kila mtu akasimama kwenye kona ya mgombea wake, majirani wote wakimtazama, kisha wakahesabiwa kama mbuzi. Kona isiyofikisha watu kumi na watano katika kila mia huvunjwa, isipokuwa wapate watu wa kuhamia kwao. Kona zinazobaki huchagua wajumbe. Wajumbe huenda mkutano wa kaunti, kutoka huko huenda wa jimbo, mpaka ule mkutano mkubwa wa taifa ambako mgombea hutangazwa.

Usipokuja mwenyewe, huhesabiwi. Hapo ndipo panaponikera, kwa sababu mimi hufanya kazi jioni.

Ninatunza watu kwenye nyumba ya wazee. Mume wangu Mwakio anakata nyama kiwandani, zamu ya usiku. Tunakutana mlangoni, mmoja anampa mwenzake funguo za gari, tunaulizana kama binti yetu Mkamburi amepiga simu kutoka chuoni, basi. Hiyo ndiyo ndoa. Jana nikamwambia nimebadilishana zamu na mwenzangu ili niende kokasi, na nikamwomba twende pamoja.

"Mama Mkamburi, mimi sisimami mahali naonekana," akasema.

"Kwani hapa ni Kenya?"

"Miguu ni ile ile."

Nilijua anasema nini. Mwaka ule wa kupiga kura kwa mlolongo, baba yake, Mzee Mwadime, alipanga foleni nyuma ya mwalimu mmoja aliyegombea ubunge. Mwakio alikuwa mdogo, amepandishwa mabegani, na kutoka kule juu aliiona foleni yote. Ilizunguka shule ikafika mpaka kisimani. Ikatangazwa kuwa ndiyo fupi. Waliosimama pale walikuwa wameshaonekana, na kabla mvua za masika hazijaisha Mzee hakuwa tena na kazi yake ya kuendesha lori la mboga la ushirika. Alikufa bila kuendesha gari lingine.

Nilijua yote hayo, lakini nililala na hasira.

Sasa niko mlangoni pa ukumbi. Nimevaa sare ya kazi na nasukuma toroli ya chakula cha jioni, kwa sababu ndotoni zamu yangu haijaisha. Saa ya ukutani imeshuka na kusimama mlangoni kama askari wa benki.

"Jina," inasema.

"Mghoi."

"Umekuja mwenyewe?"

"Si unaniona."

"Naona sare na toroli. Mwili uko wapi?"

"Umelala nyumbani."

Saa ikafikiri, mishale yake ikarudi nyuma kidogo. "Sheria inataka mtu aje mwenyewe. Huo mwili ulioko nyumbani, nao umechoka hivi?"

"Zaidi."

"Basi ni wewe. Pita, nafunga."

Mwenyekiti wa kikao alikuwa goli la mpira wa kikapu. Lilichaguliwa kwa sababu ndilo lililofika mapema kuliko wote na halikuwa na namna ya kuondoka. Lilizungumza kwa sauti ya mtu aliyepitiwa na mipira mingi.

"Kila mtu aende konani kwake," likasema. "Kona zimewekewa utepe wa buluu sakafuni. Miguu yote miwili iwe ndani. Anayeacha mguu mmoja nje nitamhesabu nusu."

Bwana mmoja alikuwa akizungumza na shemeji yake, mguu ndani mguu nje, akapungua nusu palepale. Hakulalamika. Aliuliza tu ni nusu ipi itakayoendesha gari kurudi nyumbani.

Kona kubwa ilikuwa ya Gavana Tolliver. Gavana mwenyewe hakuja, wagombea huwa hawaji, alituma koti. Koti lilisimama bila mtu ndani, vifungo vimefungwa vizuri, likisalimiana na watu kwa mkono wa kushoto, na kando yake palikuwa na kahawa, biskuti na hita. Katika safu ya nyuma kabisa, nyuma ya wanaume warefu, nikamwona Mwakio. Alikuwa amevaa gambuti zake za kiwandani na kutazama sakafu. Hampendi gavana wala hamchukii. Alikuwa pale kwa sababu pale ndipo watu walipokuwa wengi kiasi cha mtu kupotea.

Mimi nikaenda kona ya Bi Okerlund. Huyu alikuwa dereva wa basi la shule kabla ya kuwa seneta, na amesema kwamba anayetunza wagonjwa alipwe hata siku anayougua yeye mwenyewe. Mimi nimemwogesha bibi wa watu huku nikitetemeka kwa homa, yeye ndiye akawa ananipa pole. Kwa hiyo maneno hayo yalinitosha. Bi Okerlund hakutuma koti wala kitu chochote. Tuliambiwa yuko zamu.

Utepe wa kona yetu ulikuwa mpya na gundi yake mbichi. Kila ukisogeza mguu unasikia unavutwa.

Goli likaanza kuhesabu. Lilishusha wavu wake, likamvika kila mtu kichwani kama kofia, likatikisa kichwa na kwenda kwa mwingine. Lilipofika kwetu halikukawia.

"Ukumbi una watu mia moja," likatangaza. "Kona ya Bi Okerlund, kumi na wanne."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi hicho nakijua, nilikisikiliza mwaka mzima kupitia ukuta wa udongo nilipokuwa bibi arusi.

Nikageuka. Mzee Mwadime amesimama wima, amevaa lile koti lake la mvua, mikono imenyooka kando. Mbele ya kifua ameacha nafasi ndogo, kama mtu aliye na mwenzake mbele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hii ndiyo foleni ya mwalimu?"

"La, baba. Hii ni ya mama mmoja, alikuwa dereva."

"Dereva?" Uso ukamkunjuka. "Basi niko mahali pangu."

"Umesimama tangu lini?"

"Tangu siku ile. Walituambia tusitoke mpaka tuhesabiwe, wakaenda kuchukua kitu ofisini. Hawajarudi." Akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Mama, hivi naweza kukaa kidogo? Miguu."

"Hakuna kukaa kabla hesabu haijakwisha," likasema goli.

"Basi mhesabu na huyu," nikasema. "Akiingia tunakuwa kumi na watano."

Goli likamvika Mzee wavu. Likauacha hapo kwa muda.

"Huyu amekufa," likasema.

"Sheria inataka mtu aje mwenyewe. Amekuja mwenyewe."

"Hilo ni kweli, sikatai. Lakini kituo chake si hiki. Kituo chake ni kule Taita, na anasubiri hesabu ya kule. Siwezi kumhesabu mtu mara mbili."

"Hajahesabiwa hata mara moja!"

"Hiyo ni shida ya kituo chake."

Nimefanya kazi na ofisi nyingi katika nchi mbili, na hilo goli lingeweza kuajiriwa na yoyote kati yake.

"Kona ya Bi Okerlund haijafikisha," likatangaza. "Kwa mujibu wa sheria, kona hii haina uhai."

Papo hapo nikahisi baridi vidoleni mwa miguu, ikipanda. Mama mmoja wa kona yetu, mwalimu wa chekechea, akajipapasa shingoni kutafuta mapigo, akatikisa kichwa, akasema hana. Alisema kama mtu anayeambiwa mkate umekwisha dukani.

Kuta za ukumbi zikaondoka bila kuaga. Tuko Wundanyi, uani, matangani. Hema limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, mashangazi wamekaa upande wa moshi. Sisi kumi na wanne tumesimama mbele ndani ya utepe wetu wa buluu, maiti wa aina ambayo bado inaambiwa isogee ili wapiga picha wapite. Mzee Mwadime amesimama nyuma yetu. Wale watu wengine wote wa ukumbini wamekuja kutoa pole, na Mwakio yuko nyuma kabisa, amejificha nyuma ya nguzo ya hema.

Koti la gavana likaja limechelewa, na msafara wa magari, likapewa kiti cha mbele.

Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa amefungwa kwenye mti wa mparachichi, akatangaza kwamba familia imeomba pasiwe na siasa. Kisha akalikabidhi koti kipaza sauti. Koti likasema halikuja kusema siasa. Likasema siasa mpaka maua yakaanza kunyauka.

Mashangazi wakaona toroli yangu, wakaanza kugawa supu iliyokuwemo kwa waombolezaji.

"Haina chumvi," wakasema.

"Ni ya wazee wa Marekani," toroli ikajitetea. "Wamekatazwa chumvi."

"Ndiyo maana watu wanakufa," akasema shangazi mkubwa, akitutazama sisi.

Baada ya hapo ikaja ile saa ya kujipanga upya. Katika kokasi ya kweli, kona ikishindwa, watu wa kona nyingine huja kuwashawishi, na kwetu wakaja kama watu wa posa, wameleta sukari na sahani zilizofunikwa vitambaa. Mama mwenye biskuti wa kona ya gavana akanishika mkono. "Njoo kwetu, mpenzi. Kuna joto. Na hutalazimika kufikiri tena."

Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani hiyo hita. Nasema kweli. Mtu aliyechoka haombwi mara mbili.

"Mna nafasi moja iliyobaki," goli likatuambia. "Mhamie kwingine, au mtu mmoja ahamie kwenu. La sivyo nitawazika."

"Wapi?" nikauliza.

"Hapo hapo mlipo. Sakafu ina mlango."

"Na Mzee?"

"Mzee hahusiki. Nyinyi mkiondoka, yeye atabaki amesimama."

"Mpaka lini?"

Goli likatazama upande mwingine, kama wanavyofanya watu wa ofisi.

Nikamtazama Mzee. Alikuwa amesikia. Akavuta pumzi na kunyoosha mgongo tena, kama mtu anayejiandaa kwa safari ndefu. Moyo uliniuma hata katika ule ufu wangu.

"Baba Mkamburi!" nikaita.

"Usiniite kwa nguvu," Mwakio akajibu kutoka nyuma ya nguzo. "Watu wanasikia."

"Baba yako yuko hapa."

"Namwona."

"Umemwona saa ngapi?"

"Mimi namwona kila foleni," akasema. "Hata ya benki. Hata ile ya kupigia kadi kiwandani. Huwa amesimama mbele yangu, mtu mmoja tu katikati yetu."

Miaka yote hiyo tunapokezana funguo mlangoni, hakuwahi kuniambia. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na sikuwa na nguvu ya kuchagua. Sikumbembeleza, sikumwambia Bi Okerlund ni nani wala gavana ni nani. Nikamwambia kitu kimoja.

"Miguu inamuuma."

Mwakio akainua mguu wa kulia. Gambuti haikuinuka.

"Sisi tunabaki," gambuti zikasema. "Sisi ni mali ya kiwanda. Tukionekana kule, kesho zamu yetu vitapewa viatu vingine."

"Nawaelewa," Mwakio akaziambia, na naamini alizielewa kweli, ameishi na maneno hayo muda mrefu kuliko zenyewe. Akashika nguzo. Akavuta mguu mmoja, ukatoka. Akavuta wa pili. Akatoka nyuma ya nguzo akiwa na soksi, zile za kijivu, moja ina tundu la kidole gumba ambalo nimesema nitalishona tangu theluji haijaanza.

Koti likageuza kola kumtazama.

Hapakuwa mbali, lakini njia ikarefuka. Mwakio anapita kando ya foleni ambayo hatukuwa tumeiona, foleni ya watu waliosimama wima, nafasi ndogo mbele ya kila kifua. Inaanzia kisimani, inazunguka shule. Mwakio anawasalimia mmoja mmoja kwa sababu amelelewa vizuri, nao wanamwitikia, na kila mmoja anamwona. Sijui alitembea muda gani. Najua kwamba aliinamisha kichwa mwanzoni, na alipofika kwetu alikuwa hakiinamishi tena.

Akakanyaga ndani ya utepe kwa miguu yote miwili. Gundi ikashika soksi.

Wavu ukashuka kichwani mwake, ukakaa, ukainuka.

"Kumi na watano," likasema goli. "Kona ina uhai."

Joto likarudi kutoka chini, kupitia nyayo. Yule mwalimu wa chekechea akajishika shingo, akasema, "Haya, yamerudi."

"Na Mzee?" nikauliza.

"Hesabu imekwisha," goli likasema. Lilionekana limechoka kuliko mimi. "Aliyesimama na akae."

Mwakio akavuta kiti cha plastiki kutoka chini ya hema, kile cheupe chenye ufa, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati. Akakiweka nyuma ya baba yake na kukishika mgongo kisiteleze. Mzee Mwadime akakunja goti moja, akakunja la pili, yakalia kama mlango wa ghala. Akakaa.

"Alaa," akasema. "Kumbe kukaa ni kutamu hivi."

Mwakio aliendelea kukishika kile kiti ingawa hakikuwa kinateleza.

"Sasa kona itoe mjumbe wa kwenda kaunti," goli likasema.

Wote wakakumbuka kutazama juu ya hema, kila mtu akikwepa kutajwa. Mimi nilikuwa nimeinama kufungua breki ya toroli.

"Mghoi ameinama," likasema goli. "Yuko tayari kubeba."

Sheria inasema mjumbe huenda akiwa amebeba kona yake, na hapo nikagundua hakuna aliyesema kwa mfano. Mwalimu wa chekechea akapanda mgongoni kwanza, akaomba radhi kwa buti zake. Wakafuata wengine. Kaunti ilikuwa juu ya kilima cha kwanza. Nyuma yake nikaona kilima cha jimbo, na nyuma kabisa, ndani ya ukungu, kile cha taifa, na pale kileleni palikuwa na taa moja na mtu anangoja kutajwa jina.

"Itakuwaje?" nikamuuliza Mwakio. Alikuwa bado hajapanda.

"Mimi nitatembea," akasema. "Na toroli nipe mimi."

Tukaanza kupanda. Nyuma yetu nikamsikia Mzee, bado kitini, akiwauliza mashangazi kama kuna aliyebakiwa na supu, hata hiyo isiyo na chumvi.

Nikaamka.

Ilikuwa asubuhi, mwanga wa theluji umejaa dirishani. Mgongo uliniuma, lakini huo huniuma kila asubuhi, hauwezi kuwa ushahidi. Mwakio alikuwa amerudi kutoka kazini, amejitupa kitandani na nguo zake, uso ukutani, miguu imetoka nje ya blanketi. Nikainuka nimfunike.

Chini ya soksi yake ya kushoto, ile yenye tundu, palikuwa pamenata kipande cha utepe wa buluu, kirefu kama kidole. Nyumbani hatuna utepe wa buluu. Kiwandani havui gambuti mpaka atoke, na kutoka hapo ni gari, ngazi, na kitanda. Nikaushika ncha, nikauvuta taratibu. Gundi ilikuwa mbichi.

"Mama Mkamburi," akasema bila kufumbua macho.

"Lala. Ni mimi."

"Baba alipata kiti?"

Nilikaa kando yake, utepe mkononi.

"Alipata," nikamwambia. "Amekaa."

Akashusha pumzi ndefu, akageuka kutoka ukutani, akalala upande wangu.